Ulichosahau Kigoma Umekisahau

Wadogo zangu mnaotaka kuanza kubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima Mahale, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, swali lenu kubwa huwa ni moja: mlima unachosha? Unachosha, sitawadanganya. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Nkungwe kiko mita 2,462, kwa hiyo unapanda karibu mita 1,700 na mzigo mgongoni, siku mbili za kupanda na moja ya kushuka. Lakini miguu huzoea. Nilizoona zikiharibika ni safari zilizoharibikia sokoni Kigoma mjini, siku moja kabla ya kuondoka.

Ndani ya hifadhi hakuna barabara. Unaingia kwa boti, au kwa ndege ndogo kama mfuko unaruhusu, na ukishashuka ni miguu yako tu. Hakuna bodaboda wa kumtuma, hakuna duka la Mangi pale kona. Ukikumbuka betri za tochi ukiwa katikati ya msitu, umezikumbuka bure.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Safari yangu ya pili tulishuka Lagosa kwa meli ya Liemba, usiku. Hakukuwa na gati, meli ilisimama majini, maboti yakajazana ubavuni, watu wakipiga kelele na mizigo ikipita juu ya vichwa. Nilihesabu viroba vinne vikubwa, vyote vikafika. Kifuko kidogo cha chumvi na viberiti kikabaki juu ya meli, kikaendelea na safari yake ya Kasanga. Siku tatu tukala ugali na dagaa bila chumvi, sisi watoto wa mkoa wenye Uvinza, ambako maji ya chumvi yanatoka ardhini yenyewe! Viberiti tuliazima kwa askari wa hifadhi. Mwenzangu wa jikoni hakunisemesha mpaka tuliporudi ufukweni.

Tangu siku ile naanza kuhesabu vidogo. Kila mzigo una namba, na mtu mmoja ndiye anayehesabu kila tunapohama chombo. Mkihesabu wote, kila mmoja atadhani mwenzake ameona.

Kuhusu kufungasha. Tafuta ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, ioshe vizuri, weka humo viberiti, chumvi, simu, soksi kavu na dawa zako. Ndoo ile haipitishi maji hata ikianguka mtoni, na jioni unaikalia. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo usije na rambo lako la kufichaficha. Vitu vizito viweke karibu na mgongo, usawa wa mabega. Vikikaa chini kabisa vinakuvuta nyuma, na kwenye mteremko wenye majani mabichi utakaa chini bila kualikwa.

Mawese nayo yana somo lake. Mwaka wa kwanza niliyabeba kwenye chupa ya soda. Kule chini ufukweni yanamiminika kama maji. Asubuhi ya pili, juu, yalikuwa yameganda kama sabuni ya mche, na mdomo wa chupa ni mwembamba. Nilikaa naikumbatia chupa kifuani kama mtoto mchanga huku wageni wakisubiri chai na mayai. Beba kwenye kopo lenye mdomo mpana, uchote kwa kijiko. Na ukiona mafuta yameganda, jua na wewe ulihitaji sweta, maana kwa ule urefu baridi huzidi ya ufukweni kwa nyuzi kumi hivi.

Jinzi acheni nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito na haikauki, na kwenye miombo rangi ya bluu iliyokolea inaita ndorobo kama umewaandikia barua. Vaa suruali nyepesi ya rangi ya udongo, uichomeke ndani ya soksi. Mtaniona mshamba mpaka mtakapokanyaga msafara wa siafu. Siafu hawaumi mara moja. Wanapanda kimya mpaka wafike wanapopataka, ndipo wanauma wote pamoja, na utavua suruali mbele ya mgeni wa watu. Nimeshuhudia. Sitasema ni nani.

Kwenye sokwe sitanii. Kama una mafua, hata yale unayoyaita madogo, mwambie kiongozi kabla boti haijaondoka. Mafua yetu yanawaua sokwe, na pale Mahale Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamekuwa wakiwafuatilia tangu 1965, kila mmoja ana jina lake. Mkikutana nao njiani weka mzigo chini, vaa barakoa, kaa mita kumi au zaidi, usile, usiteme mate. Wakikukaribia wao, rudi wewe. Haja kubwa usijisaidie hovyo, sogea mbali na njia na maji, chimba shimo la kutosha, ufukie. Najua kuna mtu atadhani kupoteza kazi kwa sababu ya mafua ni uonevu. Kwenye safari moja nilibaki mimi, na posho nikaikosa. Iliniuma, lakini ningefanya vilevile tena.

Siku ya pili msitu unakuachia. Miti inafupika, unapita mianzi, halafu ghafla uko kwenye nyasi na upepo. Ukipanda Mei au Juni, mvua zikiwa zimekatika karibuni, zile nyasi zina maua kila mahali: ya njano, ya zambarau, na mengine mekundu madogo kama vichwa vya viberiti. Magharibi unaliona ziwa lote, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Ikifika Agosti nyasi zimekauka, mgeni anauliza maua yako wapi, unabaki kumwonyesha kwa mkono.

Hapo kwenye maua ndipo wapya huugua. Umetoka msituni umelowa jasho, shati limeganda mgongoni. Mgeni anapiga magoti kupiga picha ya ua moja, nusu saa. Wewe umesimama kwenye upepo unamngoja, na usiku unaanza kukohoa. Shati kavu liwe juu kabisa ya mzigo, sio chini ya sufuria. Badilisha papo hapo, hakuna anayekutazama, wote wanatazama maua. Na viroba msivitupe juu ya maua, viwekeni kwenye mwamba au njiani. Maji jazeni msituni kwenye kijito cha mwisho, hata kama madumu yanawauma mabega, kwa sababu huko juu kwenye mgongo wa mlima hakuna pa kuchota.

Kilele chenyewe ni kitakatifu kwa Watongwe, waliokuwa wakiishi humo kabla eneo halijawa hifadhi mwaka 1985. Ukimpata mzee wa Kitongwe kwenye msafara, msikilize anavyotaka mfanye mkifika. Muziki wa simu uzimwe.

Kushuka kunatesa kuliko kupanda. Kata kucha za miguu siku mbili kabla ya safari, usikate asubuhi ya kuondoka zikabaki na vidonda. Kucha ndefu hugonga mbele ya kiatu kila hatua, kwa saa sita. Safari yangu ya kwanza ukucha wa kidole gumba uligeuka mweusi na ukang'oka wiki ya tatu, nikiwa nimeshasahau. Chonga fimbo kabla ya kuingia hifadhini, humo ndani hakatwi mti.

Mkifika ufukweni mtataka kurukia majini. Subirini kidogo. Fungua mzigo wako ukiwa bado umechoka, utenge vitu vilivyorudi bila kuguswa, uviandike. Safari ya kwanza mimi nilirudi na vitu kumi na moja, pamoja na pasi ya mkaa niliyoshauriwa na shangazi. Safari iliyopita kilirudi kimoja, mwamvuli, na hata huo naufikiria.