Choya Ni Kinywaji cha Heshima, Tusiiuze kama Dawa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Bagamoyo aliniandikia akiuliza kama mama yake mzazi anaweza kuacha vidonge vya presha, kwa kuwa pakiti ya choya (ule mmea wa kinywaji chekundu, ambao wengine huuita rosela) aliyonunuliwa imeandikwa kwamba inatibu presha na sukari. Nilimjibu papo hapo kwamba mama asiache hata kidonge kimoja bila kauli ya daktari. Lakini swali lenyewe limenigusa mahali panaponiuma, na ninaona nilieleze kwa urefu, hasa kwa ninyi mnaotamani kuingia katika biashara hii ambayo mimi imenisomeshea watoto.

Nilipoanza kusambaza choya kavu hapa Tanga, mfanyabiashara mmoja mwenye duka kubwa alinipa oda ya maboksi kadhaa. Siku ya kupeleka mzigo aliichukua pakiti, akaigeuza huku na huku, akauliza mbona haikuandikwa kuwa ni dawa. Nilimweleza kwamba ninauza kinywaji. Akanijibu mbele ya wateja wake, "Mama, maji mekundu nani atayanunua?" Mzigo wote ukarudi nyumbani kwa bajaji, na maneno yale sijayasahau hadi leo. Lebo sikuibadilisha. Mwezi uliopita, katika harusi moja ya Chumbageni, meza za akina mama zilipangwa majagi ya choya yangu badala ya soda, na pilau ilipokwisha watu walikuwa bado wanaulizia jagi. Misri na Sudan, ambako kinywaji hiki huitwa karkadeh, kumkaribisha mgeni wa harusi kwa glasi ya choya ni desturi ya zamani, na Jamaika Krismasi haiendi bila hicho, tena kikiwa na tangawizi. Huko kote watu hukinywa kwa sababu ni kitamu.

Simaanishi kwamba choya haina faida mwilini. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu wazima 65 wenye presha iliyopanda kidogo. Waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, namba ya juu ya kipimo chao cha presha ilishuka kwa wastani wa milimita 7.2 za zebaki, ilhali waliopewa kinywaji cha kulinganishia ilishuka kwa 1.3. Ni matokeo ya kutia moyo. Hata hivyo, watu hao hawakuwa wakitumia dawa za presha, kwa hiyo utafiti ule haumruhusu mtu yeyote kutupa vidonge vyake, na anayeandika "tiba" kwenye pakiti anacheza na roho za watu.

Ukitaka mteja arudi bila kumdanganya, nguvu zako zote ziweke kwenye kuvuna na kukausha. Wengi hudhani tunakausha ua. Ua lenyewe, la njano hafifu lenye kitovu cha rangi ya damu ya mzee, huchanua asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Tunachokunywa ni kile kikombe chekundu kinene kinachobaki na kukua kuzunguka tunda. Kivune wiki mbili hadi tatu baada ya ua kudondoka, kikiwa bado laini na kinavunjika kwa mkono, kwa sababu kikikomaa sana huwa na nyuzi na ladha hupungua. Toa tunda la ndani, osha kwa maji safi, kisha tandaza kwenye wavu ulioinuliwa, kivulini, penye upepo. Jua kali hufifisha wekundu. Hapa pwani unyevu wa usiku ndio adui mkubwa, hivyo jioni mimi huingiza kila kitu ndani, na sifungi pakiti mpaka kipande kilie kwa kuvunjika ninapokibana kwa vidole. Kikijipinda tu, ukungu utakipata ndani ya pakiti. Kilo 10 mbichi hutoa takriban kilo moja kavu, kwa hiyo usikubali bei ya kubahatisha.

Kwa chai, kijiko kikubwa kimoja kinatosha kikombe kimoja: mimina maji yaliyochemka, funika kwa dakika sita hivi, chuja. Kuichemsha kwa muda mrefu jikoni huiongezea ukali na kuiharibu rangi. Choya ina asidi nyingi, hivyo usiiloweke wala kuilaza kwenye sufuria ya aluminiamu. Tumia chombo cha kioo, cha udongo au cha chuma kisichoshika kutu. Iliki na mdalasini huipendeza sana. Sukari tia kwa kiasi, kwani mwenye kisukari akinywa choya iliyojaa sukari hajajisaidia kitu.

Nawasihi wenzangu wauzaji: kwenye lebo andikeni uzito, tarehe ya kufungashwa na namna ya kuandaa. Kisha ongezeni mstari mmoja unaosomeka bila miwani, kwamba mjamzito, na yeyote anayetumia dawa za presha au za kisukari, azungumze na daktari kabla ya kuifanya choya kinywaji chake cha kila siku, maana choya na dawa hizo vikiungana vinaweza kushusha presha au sukari kupita kiasi.