Jibu: Bao kwa treya za mayai, na mahali mnapokosea

Mkuu, umeuliza jinsi ya kupata bao la kuchezea nyumbani hapo Mikindani bila kwenda kwa fundi, na kwa nini kila mkicheza mnaishia kubishana.

Ubao ni mashimo 32, mistari 4 ya 8. Treya la mayai 30 ni 5 kwa 6: kata mstari mmoja ibaki 4 kwa 6, toa kipande cha 4 kwa 2 kwenye treya la pili, unganisha juu ya boksi. Kete 64. Komwe za pwani, zile mbegu ngumu, ndizo zenyewe. Korosho ghafi achaneni nazo. Shimo linafurika upesi, na ganda likipasuka mafuta yake yanaunguza vidole.

Kila mmoja, mstari wa mbele (unaomtazama mwenzake): nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto kwake, kete 6, mawili ya kulia kwake, mbilimbili, mkononi 22. Nyumba zenu zikitazamana, mmepanga vibaya.

Ubishi, nadhani, unatoka hapa. Kete ulizokula (ulizomnyang'anya mwenzako) huanzi kuzimwaga pale ulipozila, unaanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la mstari wako wa mbele. Penye kula lazima ule. Ukikosa, unatakata (unasambaza kete zako tu), na zamu ya kutakata huli kabisa, hata kete ya mwisho ikitua mkabala na shimo lililojaa la mwenzako. Wageni wengi hula hapo.

Mstari wako wa mbele ukiisha kete, umefungwa, hata kama nyuma kumejaa.

Watoto waanze na bao la kujifunza: kete 2 kila shimo, hakuna nyumba.