Ukienda Tobago, tulia Castara

Safari yangu ya kwanza Tobago, kisiwa cha Karibi, nilifanya kosa ambalo nisingependa ulirudie. Nilikuwa na siku nne tu, nikataka kuviona vijiji vyote vya pwani ya kaskazini: Castara, Parlatuvier, Bloody Bay mpaka Charlotteville. Barabara ya huko hupanda na kushuka vilima, kona juu ya kona. Siku nzima ikaishia garini. Kesho yake nikashuka Castara, nikachukua chumba, sikutoka tena. Karibu kila ninachokumbuka cha kisiwa kile nilikiona baada ya hapo.

Castara ni kijiji cha wavuvi, kama saa moja kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa Crown Point. Wavuvi wa pale bado wanavuta juya. Mashua inaizunguka ghuba ikimwaga wavu, kisha ncha mbili za kamba zinaletwa ufukweni na watu wanajipanga pande zote mbili. Mimi nimekulia Tanga, kamba ya wavu si kitu kigeni kwangu, lakini nilikaa kando hadi mzee mmoja aliponiashiria kwa kidevu. Nikashika. Kamba ilikuwa imelowa, imejaa mchanga, inachubua viganja. Tulivuta kwa muda mrefu, hatua moja moja kurudi nyuma, na kadiri wavu ulivyokaribia ndivyo ndege aina ya wari walivyozidi kujitupa majini kuwahi samaki. Walitoka kolekole wadogo na dagaa wengi. Aliyesaidia kuvuta hupewa chochote. Mimi nilitiwa samaki watatu mkononi, na mama mwenye nyumba akanikaangia jioni ile.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: usipange kitu asubuhi. Kaa ufukweni. Ukiona watu wanakusanyika penye kamba, sogea, salimia, ngoja uitwe. Na usitoe simu kupiga picha kabla hujashika kamba.

Salamu huko ni jambo zito, kama kwetu. Ukiingia dukani au ukipanda basi, wasalimie waliomo kabla ya neno lingine lolote. Kuna jambo moja litakushangaza: giza likishaingia, watu wanaokutana hutakiana usiku mwema, nao hawaagani, ndiyo kwanza wanasalimiana. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilidhani nafukuzwa! Jibu vivyo hivyo, kisha endelea na mazungumzo.

Mengine ni madogo ila yatakusaidia. Miezi ya Januari hadi Mei ndiyo ya ukavu. Mvua huanza Juni. Kuanzia Machi mpaka Agosti noa, yule kasa mkubwa kuliko wote, hupanda fukwe za kisiwa usiku kutaga. Nenda na mwenyeji anayewajua, bila kuwasha tochi. Beba dola za Trinidad na Tobago taslimu. Tiketi ya basi la kutoka Scarborough, mji mkuu wa kisiwa, inunuliwe kabla ya kupanda, maana dereva hapokei pesa. Nguo zenye mabaka ya kijeshi ziache nyumbani, hata kofia ya mtoto. Sheria ya nchi inazikataza kwa raia.

Ukilazimika kutoka kijijini, toka kwa ajili ya msitu wa Main Ridge, uliohifadhiwa kisheria tangu 1776 ili usikose kuleta mvua. Nusu siku inatosha, kisha rudi.

Rudi hasa siku ya mikate. Nyuma ya ufukwe kuna tanuri la udongo, na kina mama huwasha kuni ndani yake, wakasubiri likolee, wakafagia makaa, ndipo wakaingiza mikate kwa ubao mrefu. Muulize mwenye nyumba wako wanaoka siku gani, ufike kabla tanuri halijafunguliwa.