Mgonjwa wa Velcade muulize miguu kabla hujamchoma

Wadogo zangu wa wodi ya damu, nawapenda ila wiki hii mmenichosha. Faili limeandikwa "hana malalamiko" halafu mgonjwa huyohuyo anaenda chooni ameshika ukuta. Haya:

1. Jueni mnaziba nini. Seli ya mayeloma, saratani ya uboho tunayoitibu kwa Velcade, inatengeneza kingamwili usiku na mchana, protini zilizojikunja vibaya zinakuwa nyingi mno, so inaitegemea proteasomu, kinu cha seli cha kusaga protini, kuzisaga kuliko seli nyingine. Bortezomibu, ndiyo hiyo Velcade, inaziba beta 5, sehemu ya proteasomu inayokata protini, taka zinajaa, seli inakufa. Marekani waliiruhusu 2003. Ila neva nazo zina proteasomu, na hapo ndipo mnaposinzia.

2. Ganzi. Tulikuwa na mzee mmoja fundi cherehani, protini ya mayeloma kwenye damu yake inashuka vizuri, wodi nzima tunafurahi. Siku ya 1, 4, 8 na 11 anachomwa, kila raundi anaulizwa mzee unaendeleaje, anajibu namshukuru Mungu, inaandikwa hivyo, tunahamia kitanda kinachofuata. Jamani mzee wa heshima zake hawezi kukulilia shida wewe kijana, na huyu aliogopa tutamkatia dawa. Nesi ndio aliona ndala imemvuka kwenye korido na mzee anaendelea kutembea hana habari. Kumpima, pamba haisikii vidoleni, sindano ya kushonea haishiki, usiku nyayo zinamuwaka halali. Mwanzoni kabisa tungeshusha dozi ya 1.3 mg kwa mita ya mraba ya mwili iwe 1.0, kufika pale ilibidi dawa isimame. Kila aliyepita kitanda kile angeweza kuuliza, hakuna aliyeuliza. Mayeloma ilitulia, cherehani hakuirudia, na ndiyo ilikuwa inasomesha watoto wake.

Kwa hiyo kila dozi, kabla ya kuagiza dawa: vifungo unafunga mwenyewe? Ndala inakuvuka? Usiku miguu inawaka?

3. Chomeni chini ya ngozi. Utafiti wa 2011 ganzi ilikuwa 53% kwa waliochomwa mshipani, 38% chini ya ngozi, na mayeloma ilijibu vilevile. Chupa ya 3.5 mg inachanganywa na mililita 1.4 kwa ngozi, 3.5 kwa mshipa, andikeni kwenye bomba. Uti wa mgongo marufuku, inaua.

4. Asikloviri, dawa ya kuzuia virusi, msisahau, mkanda wa jeshi unawapata sana hawa. Chai ya kijani waache, maabara imeonekana inaishika dawa isifanye kazi.

Mwenye mgonjwa wa mzunguko wa pili au wa tatu aende leoleo akamvue soksi, asisubiri raundi ya kesho.