Maswali ya wasomaji: Riley aliwapunguzia watu kodi au aliwahamishia?

Toleo lililopita nilitupia mistari miwili tu kuhusu Ray Riley, mdhibiti wa hesabu za jimbo la California kule Marekani, nikasema ni mmoja wa watu waliosababisha wenzetu wa kule waanze kulipa kodi dukani miaka ya 1930. Simu haijatulia tangu siku hiyo. Nimechukua meseji mbili.

*Shikamoo mzee. Mimi mwalimu wa sekondari huku Masasi. Umetuacha njiani bana, huyo Riley alikuwa nani hasa? Na inakuwaje uchumi umeanguka, watu hawana kazi, serikali ndo inaleta kodi mpya? Kijiweni kwenye kahawa tumebishana mpaka kashata zikaisha, mwenzangu mmoja kang'ang'ania kwamba jamaa alikuwa mwizi tu.*

Marahaba mwalimu. Mwizi hapana, mwambie mwenzako alipe kashata.

Riley alikaa kwenye kile cheo toka 1921 mpaka 1937, magavana watano wamepita yeye yupo tu, na ni cheo cha kupigiwa kura siyo cha kuteuliwa. Kazi yake ilikuwa kushika vitabu vya jimbo, hela isitoke hazina bila idhini ya ofisi yake. Mimi nimekuwa karani wa hesabu miaka mingi kwahiyo namuelewa mtu wa aina hiyo, haongei sana ila anajua nani anadaiwa nini.

Sasa shida ilikuwa hivi. Tangu 1910 California waligawana vyanzo, jimbo lilichukua kodi za makampuni makubwa kama ya reli, umeme na simu, halafu kaunti, tuseme ni kama halmashauri zetu, zikabaki na kodi ya ardhi na nyumba, na humohumo ndo zilitoa hela nyingi za kuendesha shule. Mambo yalipokuwa mazuri hakuna aliyelalamika. Ukaja mdororo mkuu wa 1929, vyuma vikakaza kwelikweli, ilipofika 1933 karibu mtu mmoja kati ya wanne Marekani nzima hana kazi, bei za mazao chini, na kodi ya ardhi inadai vilevile. Chukulia wewe una mikorosho yako Nanyamba, mtu amekuja ameangalia shamba akakukadiria kodi kwa ukubwa wake, halafu mnadani bei imeanguka nusu. Shamba lipo, hela haipo, na huwezi kukata kipande cha udongo ukampelekea mkusanya kodi. Kule watu walipoteza mashamba namna hiyo.

Ndo Riley na mwenzake Fred Stewart wa bodi ya kodi ya jimbo wakaja na mpango ambao mpaka leo unaitwa kwa majina yao. Mzigo wa shule utoke kaunti uhamie kwa jimbo, na mali za yale makampuni zirudi kutozwa kodi na kaunti kama mali za watu wengine. Wananchi wakaupigia kura Juni 1933 ukapita. Kwenye karatasi umenyooka kabisa, mwenye ardhi anapumua na mtoto anasoma.

Ila mwalimu, ukihamisha mzigo lazima uwepo mgongo wa kuupokea! Jimbo limebeba shule halafu vyanzo vyake vya zamani limeviachia. Bunge la jimbo likapitisha kodi mbili, moja ya mauzo na moja ya mapato. Gavana James Rolph akasaini ya mauzo, ya mapato akaikataa. Kuanzia 1 Agosti 1933 kila kitu dukani kikaongezeka asilimia 2.5, chakula kikiwemo, na watu wakitoa ile senti ya juu walikuwa wanasema hii ya Jimmy, yaani gavana wao.

Kwahiyo jibu langu kwa kijiwe: Riley hesabu zake zilikuwa sawa upande wa mwenye shamba la machungwa. Yule kibarua anayeyachuma, ambaye hana hata kiwanja, ndo akaanza kuchangia kila akinunua mkate. Hapo siwezi kumbebesha Riley peke yake, kalamu iliyofuta kodi ya mapato haikuwa yake.

Na usidhani ilikuwa California tu, Mississippi walishaanza na asilimia 2 mwaka 1932. Kukawa na kichekesho cha chenji, mkate wa senti 10 kodi yake robo senti utailipaje? Majimbo mengine yakatoa vidude vya kulipia hizo sehemu za senti, Missouri walianza na vya karatasi ngumu kama vifuniko vya chupa za maziwa. Nafuu hivyo kuliko sisi tunaopewa pipi.

Miaka hiyohiyo huku kwetu bei ya mkonge imeporomoka, mashamba ya Lindi na Mikindani yanapunguza vibarua, na mkoloni anataka kodi ya kichwa na ya kibanda kwa shilingi taslimu. Huna, unapelekwa kulima barabara. Babu yangu alilima, na mpaka anakufa alikuwa haipendi ile barabara.

*Mzee wangu mimi ni mama ntilie hapa Lindi sokoni, swali langu fupi, hicho chakula waliwahi kukiondolea kodi au ndo ikawa basi?*

Waliondoa mwanangu, 1935. Rolph alishafariki mwaka mmoja nyuma, gavana akawa Frank Merriam. Kodi ya mauzo ikapanda ikawa asilimia 3, chakula cha kwenda kupika nyumbani kikatolewa, na ile kodi ya mapato iliyokataliwa ikapita safari hii, Riley bado yuko kwenye kiti chake anaandika tu. Ila wewe kaa vizuri usikie hii, msamaha ulikuwa wa mtu anayenunua unga akasonge kwake. Chakula kilichopikwa tayari, mtu anakaa mezani anaandaliwa, kikaendelea kutozwa. Yaani wenzako wa kule hawakupona.