Usiizime modemu kabla hujaisoma

Neti ikikwama ofisini, wa kwanza kuifikia modemu huizima, akahesabu hadi kumi, akaiwasha. Nimefanya hivyo miaka mingi tu. Na mara nyingi inarudi, ndiyo maana hatuachi. Shida ni kwamba modemu nyingi zikizimwa husahau kila kitu: makosa yaliyohesabiwa tangu asubuhi, simu zilizokatika, saa laini ilipoanguka. Fundi akija kesho hana cha kusoma.

Natunza mtandao na simu za ofisi ndogo ya uwakala wa forodha pale Gerezani, Dar es Salaam. Sikusomea, ila ndiye niliyekuwa najua paswedi. Tuna laini ya waya wa shaba, modemu moja yenye tundu la simu, na wateja wanaopiga kutwa kuuliza kontena lao limefikia wapi. Simu ikikatika katikati ya maneno, mteja hataki habari za waya. Anajua unamkwepa.

Kuingia ndani ya modemu si kazi. Fungua brauza, andika 192.168.1.1, na kama haikubali, tazama chini ya modemu, anwani na paswedi mara nyingi zimebandikwa hapo. Tafuta ukurasa wa hali ya laini. Namba utakuta nyingi, lakini zenye la kukuambia ni chache.

Anza na muda. Modemu huonyesha muda wa aina mbili: tangu yenyewe iwashwe, na tangu laini ishike. Modemu ikiwa na siku 9 na laini dakika 20, basi umeme hauhusiki, laini ndiyo iliyoanguka. Muda huo ukilingana, modemu yenyewe ilizimika. Kuna kipindi nilikuwa nimeshapigia huduma kwa wateja mara tatu, nimegomba mpaka koo limekauka, kumbe muda unalingana: kila siku modemu inaanza upya kama saa 4 na robo asubuhi. Nikavizia. Saa 4 dada anayetuletea chai na vitumbua akaingia, akachomoa plagi ya modemu, akachomeka chaja ya simu yake, akaanza kuhesabu vikombe. Akimaliza anarudisha plagi kwa adabu kabisa. Nilinunua ekstensheni, na wale wa huduma kwa wateja sikuwahi kuwaomba radhi.

Kinachofuata ni SNR, ambayo modemu huiandika SNR margin, yaani mawimbi ya laini yamezidi kelele kwa desibeli ngapi juu ya kile ambacho laini inahitaji ili ishike. Hapa namba kubwa ndiyo nzuri. Kwenye ADSL, yaani intaneti ya waya wa shaba kama yetu, ikiwa 10 kwenda juu nalala usingizi, ikishuka chini ya 6 nasubiri kukatika. Karibu yake kuna namba ya mawimbi yanayopotea njiani, na hiyo ndogo ndiyo nzuri. Hutegemea zaidi urefu wa waya. Yetu ni 31, kiangazi na masika, kwa sababu waya haurefuki. SNR ndiyo inayocheza.

Masika moja ikacheza vibaya. Siku za jua SNR ni 12, mvua ikinyesha usiku, asubuhi nakuta 4. Fundi alikuja mara mbili, zote jua linawaka. “Bosi, mbona laini yako safi?” Na kweli, saa ile ilikuwa safi. Mara ya tatu nikamwekea daftari mezani: tarehe, saa, SNR, makosa ya CRC (hesabu ya data iliyofika imeharibika), na neno moja mwishoni, jua au mvua. Kurasa mbili. Akazisoma kimya huku kidole kinashuka mstari kwa mstari, kisha akaniuliza, “Ngazi mnayo?” Juu ya nguzo, kisanduku cha maungio kilikuwa na kifuniko kilichopasuka. Alishuka na kipande cha waya mkononi, ncha zake zimeota kijani kama sarafu iliyosahaulika mfukoni. Akakata sehemu iliyooza, akaunga upya kwa viungio vyenye grisi ndani, akabadilisha kifuniko. Jioni SNR ilikuwa 13. Mvua iliyofuata, 12.

Jumla ya CRC isikutishe. Inajilimbikiza tangu modemu iwashwe, kwa hiyo 8,000 kwa mwezi si kitu, 8,000 kwa saa moja ni balaa. Soma saa 3 asubuhi, soma tena saa 10 jioni, toa ya asubuhi kwenye ya jioni.

Ukurasa wa takwimu za simu karibu hakuna anayeufungua, wakati ndio ulioniokoa na mteja mmoja mkali sana. Sisi tulimsikia vizuri, yeye alitusikia kama tumo ndani ya pipa, na kila mara ni jioni. Simu ya intaneti husafiri vipande vipande, na kwa kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 kwa kawaida ni vipande 50 kila sekunde kwa kila upande. Vikipotea zaidi ya 1 kwa 100, au vikifika kwa kuyumba kupita milisekunde 30 hivi, sikio linaanza kulalamika. Kwetu vilikuwa vinapotea upande wa kwenda tu, huku SNR na CRC zimetulia. Kumbe saa 11 jioni kompyuta ya mhasibu ilikuwa inapandisha nakala za nyaraka mtandaoni, na njia ya kupandisha kwenye ADSL ni nyembamba, kwetu haifiki megabiti 1. Simu moja inataka kilobiti 90 hivi tu, ila inazitaka sasa hivi, haiwezi kupanga foleni. Nakala tukazihamishia saa 6 usiku.

Wenye rauta za 4G, namba yenu ni RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia rauta. Huandikwa na alama ya kutoa, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -110. Bati na nondo huidhoofisha, sogeza rauta dirishani usome tena. Ikiwa nzuri kutwa nzima lakini usiku saa 3 neti inatambaa, huenda mnara umejaa watu, na rauta mpya itakula hela yako bure.

Modemu ina mipaka yake pia. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, kwangu SNR ilikuwa 12 na CRC haisogei, na hakuna ukurasa uliofunguka. Modemu inajua waya unaotoka kwako hadi kwa mtoa huduma. Ya baharini haiyajui.

Siku hizi nikiwaandikia huduma kwa wateja sisemi neti mbovu. Naandika: “Laini imeanguka mara 6 leo kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi. Modemu haijazimwa siku 9. SNR ni 4, kawaida yake 12. CRC imepanda 3,200 kwa saa moja. Mvua inanyesha.” Naambatisha picha ya ukurasa. Picha ikishaondoka, ndipo naizima modemu na kuiwasha.