Jibu: Kung'oa paa la asbestosi shuleni

Ndugu, umeuliza kama wazazi wanaweza kujitolea kung'oa paa kuukuu la asbestosi la shule yenu wakati wa likizo. Nakusihi, msithubutu. Bati la asbestosi likiwa zima halina hatari kubwa, lakini likikatwa, likitobolewa au likivunjika hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, ambazo zikivutwa hadi mapafuni zinaweza kuleta saratani baada ya miaka 20 au zaidi. Hapa Kenya hii ni taka hatari kisheria, kwa hiyo mwiteni mkandarasi mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ayaloweshe mabati kwa maji, ayashushe moja moja na kuyafunga kwa plastiki nzito. Udongo ulio chini ya ukingo wa paa, pale matone ya mvua yamechimba vishimo, nao ukaguliwe, maana maji ya mvua huweza kuangusha nyuzi za paa kuukuu hapo, na ndipo watoto huchezea tope.